Rangi Unayoitafuta Niliipaka Mimi

Kishushe, Jumapili mchana

Wakesho mwanangu,

Salamu za watu wa huku Mwadime atampa mama yako kwa mdomo, maana nikianza kuziandika zote sitafika ninapotaka kufika. Lori lake la maji limeingia kambini kwetu machimboni sasa hivi. Amesema akishajaza matangi atakula, atalala kidogo, na saa kumi anarudi Voi. Barua hii ataishusha kwa mama yako pale sokoni anapouza mboga, ili uipate jioni. Gari lingine la kutoka huku ni Jumatano, na wewe unaondoka kesho alfajiri kwenda chuo Nyahururu. Kwa hiyo ni leo.

Mambo ya kufunga sanduku, ya kushika pochi vizuri ukifika Nairobi, ya kutomwamini kila anayekuita dada, hayo mama yako amekuambia mpaka umechoka. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikimbia miaka kumi na miwili. Hata hii mistari michache nimeiandika nikiamka na kuketi. Nimetoka nje mara mbili kuangalia lori kama bado lipo, na najua vizuri kwamba lipo.

Juzi mama yako alinipigia. Huku mtandao unapatikana kilimani tu; nilipopanda jioni nikaona alinitafuta, nikampigia.

"Baba Wakesho, mtoto amenunua krimu ya kopo. Haina hata jina. Anasema ni ya kung'arisha."

"Amepaka?"

"Leo siku ya nne. Usoni na shingoni. Na nikuambie kweli, inamkubali. Hata jirani ameuliza anatumia nini."

Nikakaa juu ya jiwe. Mama yako akawa anaita, halo, halo.

Nilijua ilikotoka. Mwezi uliopita wewe mwenyewe uliniuliza kwa simu. Ulisema, "Baba, kwenye ile picha ya darasa la pili ngozi yangu ilikuwa safi sana. Nilikuwa napakwa nini? Nataka kuingia chuoni na ile sura." Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, Wakesho. Nilikusikia kama uliyekaa karibu yangu, nikabonyeza kitufe chekundu.

Sasa nitakujibu.

Ulizaliwa na ngozi kavu. Kwenye mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti ulikuwa na ukurutu, ukijikuna usingizini mpaka shuka inapata madoa ya damu. Aliyekuwa akikushughulikia ni nyanya yako, mamake mama yako. Alikaanga mbegu za mbarika, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta yanayoelea juu. Alikuogesha kwa maji ya vuguvugu, haraka, halafu akakupaka ukiwa bado unatiririka maji. Taulo hakuigusa.

Mimi wakati huo nilikuwa Maungu, napakia na kupakua malori, nikirudi nyumbani Mbololo Jumamosi. Nikiona vile naona ni uvivu wa kizee.

"Mama, mtoto hakaushwi kwanza?"

"Akishakauka ni gogo, Baba Wakesho. Mimi sipaki gogo."

Alisema huku akicheka na mikono yake inaenda. Mimi sikucheka. Nilijiona mtu wa barabara kuu, mtu wa kuona vitu vipya, nikaona huyu mama ananifundisha nini.

Halafu siku moja, tumeketi nje baada ya kanisa, mwenzangu mmoja wa Maungu akakutazama miguu akasema, "Huyu mtoto mbona amepauka kama hana baba?" Alitania tu. Wewe unajua huku kwetu mtoto hatoki nyumbani bila kupakwa mafuta. Akitoka na miguu ya kijivu, anayeaibika ni mzazi. Lile neno lilinikaa. Nikaanza kukuogesha mimi mwenyewe kila nilipokuwa nyumbani. Maji moto, sabuni ya kufulia, na jiwe la kusugulia visigino, kwa sababu niliamini ule ukavu ni uchafu ulioganda. Ulilia. Nyanya yako alisimama mlangoni akasema, "Unamsugua mtoto kama sufuria." Nikamwambia aniache na mwanangu. Kila nilivyosugua ndivyo ulivyozidi kupauka.

Ndipo nikanunua tyubu ya krimu.

Alikuwa mchuuzi wa pale Maungu, mwenye katoni ameining'iniza shingoni, akipita kati ya malori yaliyosimama. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye mashavu yanayong'aa. Maandishi yalikuwa ya lugha nisiyoijua, na mimi nilifika darasa la sita tu, hata ningeijua nisingeelewa mengi. Sikumwuliza mtu. Nilipima dawa ya mwanangu kwa picha ya mwanamke kwenye boksi.

Na ilifanya kazi. Hilo ndilo baya lake. Baada ya siku tatu ukurutu ulikauka, ukalala usiku mzima bila kujikuna. Kama ningeishia hapo, labda nisingekuwa na barua ya kuandika. Lakini baada ya wiki mbili tatu ukaanza kung'aa, ukawa maji ya kunde. Kanisani kina mama wakawa wanakushika kidevu. Mmoja akaniambia, "Righa, huyu ni wako kweli, ama ulimwokota Mombasa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na moyoni nilijaa kama mtu aliyepewa cheo. Hakuna aliyekuwa amewahi kunisifu kwa chochote kabla ya hapo.

Basi nikaendelea. Ukurutu ulikuwa umeshaisha, sikuwa na sababu, nikaendelea. Ile krimu niliikamua ndani ya kopo tupu la mafuta ya mgando nikaikoroga na mafuta mengine kidogo, nikamwambia mama yako haya ni mafuta mapya, mpake kila asubuhi. Yeye alikupaka akijua ni mafuta tu; jioni nyanya yako alikupaka yake ya mbarika. Ikiisha nanunua nyingine. Ilikuwa miezi saba au minane. Katikati ya miezi hiyo mpiga picha alikuja shuleni kwenu, na ile picha iko ukutani mpaka leo, nami nikija nyumbani nachagua kiti kinachoipa mgongo.

Ile sura unayoitafuta haikuwa afya, mama. Ilikuwa ngozi iliyokuwa inaliwa polepole.

Ulipoingia darasa la tatu mashavu yakawa mekundu. Ukicheza juani saa moja, usiku unasema unaungua. Vijishipa vikaonekana kama nyuzi. Ukijigonga kidogo kwenye meza ngozi inachanika. Na ile michirizi uliyo nayo nyuma ya magoti na mapajani, ambayo tulikuambia imetokea kwa sababu ulirefuka haraka, haikutokana na kurefuka.

Tukakupeleka hospitalini. Ndani ya chumba tulikuwa mama yako, nyanya yako, mimi na wewe umepakatwa. Daktari alikuwa mwanamke, mpole. Akauliza, "Nani humpaka mtoto, na humpaka nini?"

Mama yako akasema mafuta ya kawaida. Daktari akatikisa kichwa, akaniangalia mimi.

Nikasema, "Nyanya yake humpaka mafuta ya kienyeji."

Nimeandika hiyo sentensi nikatoka nje tena. Nimerudi.

Nyanya yako alinitazama. Alijifunga leso vizuri kiunoni kama mtu anayejiandaa kuondoka, akatazama ukuta. Daktari akamwambia kwa heshima kwamba hayo mafuta ayaache. Akaitikia, "Sawa, binti yangu." Na kuanzia siku hiyo hakuigusa ngozi yako. Ulikuwa ukitoka kuoga unamkimbilia na mikono imenyooka kama ulivyozoea, naye anasema, "Nenda kwa mama yako." Ukiwa na miaka kumi na mmoja uliniambia, "Baba, Nyanya ananiona mchafu." Nilikuwa nakula. Nikaendelea kula.

Tyubu niliyobaki nayo niliitupa chooni siku ile ile, nikadhani nimemaliza. Kuacha ghafla namna ile, baada ya miezi mingi, ngozi yako iliwaka kuliko mwanzo. Ilivuja maji, ulilala kwenye majani ya mgomba kwa sababu shuka ilinata kwenye ngozi. Daktari alikuwa anatibu asichokijua. Mwishowe nilirudi kwake peke yangu, nikamwambia ukweli, nikingoja anitukane. Hakunitukana. Alisema aina hiyo ya dawa ina kazi yake, daktari akiitoa kwa kipimo, kwa siku chache, akifuatilia. Kuinunua njiani na kuipaka usoni kwa miezi ni jambo lingine.

Halafu akanieleza habari ya ukavu, jambo ambalo ningetaka ulishike hata kama utasahau mengine. Alisema, "Mafuta hayamletei mtoto maji. Mafuta yanayazuia yale maji ambayo ngozi imeshayapata yasitoke. Mpake akiwa bado ana unyevu, dakika chache tu baada ya kuoga. Ukingoja akauke kabisa umefunga mlango na nyumba ni tupu." Na maji yasiwe moto, na sabuni iwe ya upole, na nisisugue.

Nikamwambia, "Kuna mzee aliwahi kunieleza hivyo hivyo."

Akauliza, "Mzee gani?"

Nikatazama kadi yako mezani. Akaelewa. Akasema, "Yule mliyesema kwamba amemwunguza mtoto." Halafu akachukua kadi yako akaandika upya. "Hapa nimerekebisha. Kule nyumbani utarekebisha wewe."

Sikurekebisha. Niliwaonyesha namna mpya ya kukupaka, nikaiita ya hospitali, na nyanya yako akiwa ameketi pale pale anasikiliza maneno yake mwenyewe yakitoka mdomoni mwangu. Ngozi yako ikapona ikarudi rangi yake. Kila mtu akanishukuru.

Watu husema nilikuja huku Kishushe kwa sababu ya karo yako. Ni kweli, lakini si yote. Nyumba yenye mtu anayejua na asiyesema ni ngumu kuishi. Nilianza kwa kukosa Jumamosi moja, halafu mbili, halafu nikasikia kuna kazi ya kuchimba huku ambako magari ni ya kubahatisha, nikaona inanifaa.

Huku upepo ni mkavu na vumbi la mawe haya ni jekundu, linaingia mpaka kwenye kope. Mtu akikaa mwezi mmoja viganja vinapasuka mpaka nyundo haishikiki. Kila mtu anaoga kwa maji ya kopo. Mimi nikioga najipaka hapo hapo, bado nimelowa. Mwanzoni vijana walinicheka. Yuko mmoja Mkamba, Mutua, alinikuta nyuma ya hema.

"Mzee Righa, na vile unajipaka, unaolewa lini?"

"Nikipata mwenye ng'ombe. Wewe hata kuku huna."

Baadaye alikuja usiku anachechemea, kisigino kimepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Nikamwonyesha: loweka, futa kidogo tu, paka mafuta mazito, vaa soksi ulale. Wiki ya tatu akarudi amesimama wima. "Mzee, nimeenda nyumbani na mke wangu ameniuliza kwa ukali ni nani ananitunza huku." Tulicheka sana. Halafu nikalala macho wazi, nikiwaza kwamba nimemweleza kijana wa watu, bila hata kuombwa mara mbili, jambo ambalo sijakueleza wewe.

Desemba nilipokuja nyumbani, wewe na mama yako mkiwa Voi, nilikwenda kwa nyanya yako. Alikuwa anachambua maharagwe. Sikujua pa kuanzia. Nikasema, "Mama, ile siku ya hospitali."

"Ndiyo."

"Haikuwa mafuta yako."

"Najua. Mafuta yangu hayanuki duka." Akaendelea kuchambua. "Nilijua wiki ya kwanza. Kopo ulilibadilisha, harufu hukuibadilisha."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Mtoto mgonjwa, mama yake analia, wewe umeshajitia kwenye shimo. Ningekusukuma, na mtoto anakuita baba?" Akatupa punje mbovu pembeni. "Kosa langu ni lile la kumkatalia mtoto. Nilikuwa na hasira na wewe, nikaimwaga kwake. Hilo linaniuma mimi mpaka leo."

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Mimi nimezeeka, nikukasirikie mpaka lini? Mwambie Wakesho. Yeye ndiye mwenye ngozi."

Nikamwahidi kukuambia kabla sijaondoka. Niliondoka siku ya pili asubuhi, wewe ukiwa bado umelala.

Sasa umesikia. Hakuna aliyekuona mchafu, mwanangu. Kuna mzee mmoja alisingiziwa, na kuna mwanamume mmoja aliogopa kuonekana.

Kuhusu hilo kopo. Sitakuamuru. Una miaka yako, na mimi ndiye mtu wa mwisho katika nchi hii wa kumwambia mwingine asijipake kitu. Lakini najua kinachokuja baada ya ile furaha ya wiki ya kwanza, kwa sababu nilikiona kwenye mashavu yako. Siku sita ni chache. Mimi nilikupaka miezi. Mimi nakuomba usipake tena leo. Usilitupe, libebe. Kama unaweza kukaa siku moja zaidi, nenda nalo hospitalini hapo Voi. Chuo kitakungoja siku moja. Ukiona huwezi, basi ukifika Nyahururu tafuta daktari kabla hujapata hata rafiki, umwonyeshe lile kopo, umwambie siku ulizopaka, na umwambie pia yale ya utotoni, kwamba ni baba yako aliyekupaka. Usione haya kwa niaba yangu. Mimi nilimficha daktari nikaona matunda yake.

Nyahururu kuna baridi. Utadhani kwa kuwa hakuna jua wala vumbi letu, ngozi itapumzika. Hapana, baridi nayo hukausha, na wenyeji wa huko huoga maji ya kuunguza kwa sababu ya hiyo baridi, nawe utavutwa kuiga. Na upishi unaokwenda kusomea ni kazi ya mikono ndani ya maji na sabuni kutwa, vitunguu na ndimu juu yake. Wenye ngozi kama yako mikono huanza kuwasha kati ya vidole. Ukiona hivyo usingoje. Wakikuambia kunywa maji mengi utang'aa, kunywa, mwili unayataka, lakini usidhani yatakwenda moja kwa moja usoni. Mafuta yenyewe yawe mazito, yasiyo na manukato. Ya bei ndogo yanatosha.

Na rangi. Rangi yako ni ya nyanya yako, na mama yako anayo. Miaka mingi nilidhani ngozi nzuri ni ile watu wanaisifu kanisani. Siku hizi nadhani ni ile mwenyewe anaweza kuisahau kutwa nzima, haimwashi, haimchomi, hajiulizi nani anaiangalia. Wewe uliwahi kuwa nayo, kati ya darasa la tano na kidato cha pili hivi. Hakuna aliyekupiga picha wakati huo, na mimi sikuwepo.

Mwadime ameamka, anapiga matairi teke kuyapima. Nina dakika chache. Nimesoma nilichoandika na kuna mahali nimejitetea. Nilitaka kupafuta, nimeona nipaache ukajionee.

Sijui utasoma hii ukiwa umekaa na nani. Ukitaka mama yako aisome, mpe. Yeye pia hajui kopo alilokuwa analishika kila asubuhi lilikuwa na nini, na atakasirika, na ana haki. Nyanya yako ukimpigia, usimwambie kwamba nimemwomba radhi. Mwambie tu umejua.

Mimi kesho kutwa jioni nitapanda kilimani nikae na simu. Usinipigie kuniambia umenisamehe. Hilo lina wakati wake, kama lina wakati. Nipigie uniambie daktari amesemaje. Na kama inawasha, niambie inawasha wapi. Safari hii sitasema mtandao umekatika.

Baba yako,
Righa